Pampu ya insulini ni nafuu kubwa kwa wenye kisukari, ila yahitaji mtumiaji aliye macho

KWA watu wengi wanaougua kisukari cha aina ya kwanza, siku huanza kwa sindano na kuisha kwa sindano. Hujidunga kabla ya kiamshakinywa, kabla ya chamcha, kabla ya chajio na tena kabla ya kulala. Pampu ya insulini, mashine ndogo inayokaribia ukubwa wa simu ya mkononi na ambayo huvaliwa kiunoni au kubandikwa mwilini, imewaondolea watu wengi ulimwenguni adha hiyo.

Hata hivyo, kuna jambo moja kuhusu mashine hii ambalo kila mtumiaji, pamoja na kila anayeishi naye, anapaswa kulifahamu kabla ya mengine yote. Pampu ikiacha kutoa dawa, mwili haubaki na akiba. Saa chache tu zinatosha kumtoa mtu katika hali ya afya njema na kumfikisha hospitalini akiwa mahututi.

Hatari hiyo si sababu ya kuiogopa pampu. Ni sababu ya kujifunza kuitumia ipasavyo, maadamu karibu kila dharura inayoihusu huweza kuzuiwa na mtu anayejua dalili zake na aliyejiandaa mapema.

Jinsi pampu inavyofanya kazi

Kongosho la mtu asiye na kisukari hutoa insulini kidogo kidogo mchana kutwa na usiku kucha, kisha huongeza kiasi chake kila anapokula. Insulini ndiyo homoni inayofungua mlango ili sukari itoke kwenye damu na kuingia katika seli za mwili. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huziharibu seli zinazotengeneza homoni hiyo, na mgonjwa hulazimika kuipata kutoka nje maisha yake yote.

Pampu huuiga utaratibu huo wa kongosho. Ndani yake mna kichupa kinachobeba insulini ya siku mbili tatu. Dawa hupita katika mrija mwembamba hadi kwenye kanula, yaani kijineli laini kilichochomekwa chini ya ngozi, aghalabu tumboni, pajani au kwenye makalio. Zipo pia pampu zisizo na mrija, ambazo hubandikwa moja kwa moja kwenye ngozi.

Mashine hutoa dawa kwa namna mbili. Kwanza, kuna kipimo cha msingi kinachotiririka saa zote 24. Pili, kuna kipimo cha mlo, ambacho mtumiaji huiagiza pampu itoe kila anapotaka kula au anapotaka kuishusha sukari iliyopanda.

Safari ya kuifikia mashine hii imekuwa ndefu. Insulini iligunduliwa jijini Toronto, Canada, mnamo 1921 na Frederick Banting na Charles Best pamoja na wenzao, na mgonjwa wa kwanza kudungwa, mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson, aliipokea Januari 1922. Mapema katika miaka ya 1960, daktari Arnold Kadish wa Los Angeles, Marekani, alibuni pampu iliyobebwa mgongoni kama shanta. Mnamo 1978, John Pickup, Harry Keen na wenzao jijini London walieleza katika jarida la British Medical Journal jinsi pampu ndogo ya kubebeka ilivyoweza kudhibiti sukari kwa kupitisha insulini chini ya ngozi.

Manufaa ya kuidhibiti sukari kwa makini yalithibitika mwaka wa 1993, matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Canada yalipochapishwa. Utafiti huo uliwahusisha watu 1,441. Wale waliotumia pampu, au waliojidunga mara tatu au zaidi kwa siku, walipata upungufu mkubwa wa madhara ya macho, figo na neva. Miongoni mwa wale ambao macho yao hayakuwa yameathirika mwanzoni, hatari ya kudhurika ilipungua kwa asilimia 76. Hata hivyo, utafiti uo huo ulionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa ukali huongeza visa vya sukari kushuka kupita kiasi. Hapo ndipo umuhimu wa tahadhari unapojitokeza.

Mwili usio na akiba

Mtu anayejidunga kwa kalamu au sindano aghalabu hutumia insulini ya aina mbili: ile ya haraka wakati wa mlo, na ile ya muda mrefu inayoendelea kufanya kazi kwa takriban siku nzima. Akisahau sindano ya mlo, ile ya muda mrefu bado humkinga.

Pampu haina kinga hiyo. Hutumia insulini ya haraka pekee, ambayo nguvu zake huisha katika muda wa saa nne hivi. Kanula ikipinda chini ya ngozi, plasta ikibanduka kwa jasho, mrija ukiziba au betri ikiisha, insulini mwilini hupungua upesi. Seli zikikosa sukari huanza kuyachoma mafuta, na mafuta hayo huzalisha asidi ziitwazo ketoni. Zikirundikana, damu hugeuka kuwa na asidi nyingi, hali ambayo huweza kuua isipotibiwa.

Dalili zake ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, na pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno. Katika maeneo mengi ya Kenya, kutapika na kuumwa na tumbo huwafanya watu kushuku malaria au homa ya matumbo. Kwa mtu anayevaa pampu, jambo la kwanza la kupimwa ni sukari na ketoni. Vipimo vya magonjwa mengine vifuate baadaye.

Wataalamu hutoa mwongozo ulio rahisi kukumbukwa. Sukari ikizidi milimoli 14 kwa lita pasi na sababu inayoeleweka, mtumiaji akague pampu yake, apime ketoni na kuagiza kipimo cha kuishusha sukari. Baada ya saa moja apime tena. Ikiwa haijashuka, au ikiwa ketoni zimepanda, asiendelee kuitegemea pampu. Ajidunge insulini ya haraka kwa kalamu au sindano, kwa kipimo alichopewa na daktari, kisha abadilishe kanula, mrija na kichupa vyote pamoja. Ketoni za damu zikifika milimoli 1.5 kwa lita, ushauri wa daktari utafutwe mara moja. Zikipita 3.0, au mgonjwa akiwa anatapika pasi na kukoma, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitalini.

Ndiyo maana mtumiaji wa pampu hapaswi kutoka nyumbani bila kalamu au sindano, insulini ya ziada, mashine ya kupima sukari na vijiti vyake, vijiti vya kupimia ketoni, betri au chaja, kanula ya akiba na kitu kitamu. Ni vyema pia aandikiwe na daktari, kwenye karatasi, vipimo vya sindano atakavyovitumia pampu ikiharibika. Vipimo vilivyohifadhiwa ndani ya mashine pekee havimfai kitu mashine hiyo ikizimika.

Kanula na ngozi

Kanula nyingi hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Kuiacha kwa siku nyingi ili kupunguza gharama huweza kusababisha uvimbe, usaha na dawa kutofyonzwa vizuri. Eneo la kuchomeka nalo libadilishwe kila mara, kwa kuwa ngozi inayochomwa mahali pamoja hufanya manundu ambayo huzuia insulini kuingia mwilini kwa kiwango cha kutegemewa.

Kuna kanuni nyingine mbili ambazo hazistahili kupuuzwa. Ya kwanza ni kubadilisha kanula mchana au mapema jioni wala si wakati wa kwenda kulala, kisha kupima sukari baada ya saa moja au mbili. Kanula iliyopinda usiku wa manane huenda isigunduliwe hadi asubuhi, mgonjwa akiwa tayari anatapika.

Ya pili inahusu kuujaza mrija. Mrija mpya hujazwa insulini ili hewa itoke, na kazi hiyo hufanywa mrija ukiwa haujaunganishwa na mwili. Anayesahau na kuujaza ukiwa umeunganishwa huweza kujimiminia insulini nyingi kwa mkupuo mmoja, na sukari yake ikaporomoka.

Mtu anapooga au kuogelea na pampu isiyostahimili maji, anaweza kuitoa kwa muda mfupi. Kwa kawaida watengenezaji na madaktari hushauri muda huo usizidi saa moja pasi na kupima sukari na kuchukua hatua. Pampu pia hutolewa mgonjwa anapopigwa eksirei au picha za mashine zenye sumaku kubwa.

Insulini ya maziwa haiingii kwenye pampu

Nchini Kenya, wengi wanaohitaji insulini hutegemea chupa na sindano, na aina inayotumika sana ni ile iliyochanganywa, ambayo rangi yake hufanana na maji yaliyotiwa maziwa. Insulini hiyo haipaswi kamwe kutiwa katika pampu. Chembechembe zake huziba mrija, na utendaji wake wa polepole huvuruga hesabu nzima ya mashine. Insulini angavu ya muda mrefu nayo haifai. Pampu hutiwa insulini ya haraka iliyo angavu, ya aina iliyotajwa na mtengenezaji na kuidhinishwa na daktari.

Suala hili lina uzito kwa sababu baadhi ya familia hutumiwa pampu na jamaa walio ng'ambo. Kabla ya kuipokea zawadi hiyo, yafaa kuuliza maswali matatu: kanula na vichupa vyake vitapatikana wapi kila mwezi, ni nani atakayetoa mafunzo, na mashine yenyewe ina umri gani? Pampu isiyo na vifaa vya kubadilishwa ni mtego. Isitoshe, pampu kuukuu huenda zina kasoro ambazo zimekwisha kutangazwa. Mnamo Juni 2019, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliwatahadharisha watumiaji wa baadhi ya pampu za zamani za MiniMed kwamba mtu mwenye nia mbaya aliye karibu angeweza kuingilia mawasiliano yake na kubadilisha kipimo cha dawa. Wagonjwa walishauriwa kuhamia mashine mpya zaidi.

Joto nalo ni adui. Mwaka wa 2021, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na hali ya joto katika kambi ya Dagahaley, Dadaab. Ulionyesha kwamba insulini iliyohifadhiwa mahali ambapo joto hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilidumisha nguvu zake kwa wiki nne. Hiyo ni habari njema kwa wasio na jokofu na ambao huihifadhi dawa yao mtungini. Lakini pampu iliyoachwa juani, au ndani ya gari lililofungwa Mombasa, Garissa au Lodwar, huweza kupata joto lililopita kiwango hicho. Ivaliwe chini ya nguo na kukingwa dhidi ya jua, na sukari ikipanda bila sababu baada ya siku ya joto kali, insulini yote iliyomo imwagwe na kutiwa nyingine.

Hesabu ya mlo na saa ya mashine

Pampu nyingi hukokotoa kipimo cha mlo, lakini hutegemea taarifa zinazoingizwa na mtumiaji. Chukua mfano wa mtu ambaye daktari amekadiria kwamba yuniti 1 inatosha gramu 10 za wanga, na kwamba yuniti 1 hushusha sukari kwa milimoli 2 kwa lita. Akitaka kula ugali wenye gramu 60 za wanga, atahitaji yuniti 6. Ikiwa sukari yake ni 11 ilhali lengo ni 7, ataongeza yuniti 2. Jumla ni yuniti 8.

Baada ya saa mbili huenda akapata sukari bado iko juu na akashawishika kuongeza dawa nyingine. Hapo ndipo wengi huteleza. Sehemu ya zile yuniti 8 bado inafanya kazi mwilini, na kuirundikia nyingine huweza kuiangusha sukari baadaye. Pampu huonyesha kiasi cha insulini ambacho bado kinafanya kazi, na takwimu hiyo yapasa kutazamwa kabla ya kubonyeza kitufe. Aliyejidunga kwa kalamu akumbuke kwamba pampu haijui habari za sindano hiyo.

Jambo jingine ni saa. Kipimo cha msingi hupangwa kulingana na saa za siku, kwa kuwa mwili huweza kuhitaji dawa zaidi alfajiri kuliko usiku wa manane. Saa ya pampu hufuata mtindo wa kimataifa, na mtu aliyezoea saa za Kiswahili anaweza kuchanganyikiwa: saa nane usiku kwake ni saa mbili kwenye mashine, na saa mbili usiku ni saa 20. Kosa hilo, au lile la kubadilisha asubuhi na jioni, humfanya mtu kupata dawa nyingi wakati asioihitaji. Saa ikaguliwe kila betri inapobadilishwa na kila mtu anaposafiri hadi nchi yenye majira tofauti.

Sukari inaposhuka

Kutetemeka, kutokwa na jasho, njaa ya ghafla, kizunguzungu na maneno yasiyoeleweka ni dalili za sukari iliyo chini. Ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, mgonjwa ale gramu 15 za sukari ya haraka, kama vile vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari iliyokorogwa katika maji, au nusu gilasi ya soda isiyo ya dayeti. Apime tena baada ya dakika 15 na kurudia ikibidi. Kuisimamisha pampu pekee hakutoshi, kwani insulini iliyokwisha kuingia huendelea kufanya kazi.

Mtu akizirai, asitiwe chochote kinywani. Alazwe ubavu, pampu isimamishwe au iondolewe mwilini, adungwe glukagoni ikiwa ipo na mtu aliyefunzwa yupo, na apelekwe hospitalini haraka. Akishapata nafuu, wahudumu waambiwe kwamba pampu ilisimamishwa. Asiporudishiwa insulini, hatari ya ketoni humrudia.

Wanaokusudia kufunga Ramadhani wamwone daktari wiki kadhaa mapema ili kipimo cha msingi kibadilishwe. Miongozo ya kimataifa hushauri saumu ivunjwe ikiwa sukari iko chini ya 3.9 au imepita 16.6. Nao walimu wa mtoto anayevaa pampu waelezwe dalili hizi, na vitufe vya mashine vifungwe ili wenzake wasivichezee.

Mashine zinazojirekebisha

Tangu 2016, FDA ilipoidhinisha MiniMed 670G, kumekuwa na pampu zinazounganishwa na kitambuzi kinachosoma sukari chini ya ngozi, na ambazo huongeza au kupunguza kipimo cha msingi zenyewe. Nchini Uingereza, taasisi inayotathmini matibabu (NICE) iliidhinisha mnamo Desemba 2023 mifumo ya namna hii itolewe kwa watu wengi zaidi wenye kisukari cha aina ya kwanza. Mifumo hiyo hupunguza mzigo, hasa usiku.

Lakini hata mashine hizo huharibika. Mnamo Mei 2024, FDA ilitangaza kwamba toleo moja la programu ya simu ya t:connect, inayotumiwa na pampu za kampuni ya Tandem, lilikuwa na kasoro iliyoweza kuimaliza betri ya pampu kabla ya wakati wake. Kufikia Aprili 15 mwaka huo, ripoti 224 za watu waliodhurika zilikuwa zimepokelewa, na hakuna kifo kilichoripotiwa. Kasoro ilirekebishwa kwa toleo jipya, ila funzo lake linabaki: kengele ya betri haistahili kunyamazishwa na kusahauliwa, wala simu na pampu kuachwa pasi na masasisho. Mahali ambapo umeme hupotea mara kwa mara, pampu ichajiwe mapema.

Pampu haijui kama mvaaji wake ametapika, kama kanula imepinda, au kama chapati iliyoliwa ilikuwa moja ama tatu. Hufuata maagizo. Anayepima sukari mara kwa mara, anayebadilisha kanula kwa wakati na anayetembea na kalamu mkobani huipata nafuu yote ambayo mashine hii inaweza kutoa, na siku itakapogoma atakuwa na insulini mkononi kabla ketoni hazijaanza kupanda.